Nyusi ya Kushoto ya Godefroid

Bwana wangu amekufa mara nyingi, na kila mara amerudi nyumbani akiuliza kama bukari, ugali wetu, iko tayari. Ndiyo kazi yake. Godefroid ni mchezaji wa filme, zile filme zetu za Kiswahili zilizokuwa zikipita kwenye televisheni ya Likasi jioni, halafu zinauzwa sokoni kwa kaseti. Amekuwa pasta, mwizi, komisari wa polisi, mulozi mwenye hirizi za uchawi, chifu, na siku moja mama-mkwe mwenye matiti ya vitambaa. Minye, yaani mimi, Colette Kabedi, nimewapikia watu hao wote, nimewafulia nguo, na nilidhani ninawafahamu.

Watu wa huku hawajui kutenganisha filme na maisha, nami nilikuwa ninawacheka. Alipocheza mfungwa, mama mmoja wa Buluo, kule penye gereza kubwa, alikuja kwetu na mikate kunipa pole. Godefroid mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Yule mama akamtazama, akamshukuru Mungu kwamba wamemwachia, akaacha mikate yake na kwenda zake. Alipocheza mulozi, kanisani kwetu walimwekea mikono kichwani na kumwombea mpaka shati lake likalowa. Alipocheza pasta anayebatiza watu katika Lufira, chini kidogo ya Koni, kijana mmoja alikuja kuuliza kama ubatizo wake unahesabika. Aliingia mtoni kwa ajili ya filme, alisema, lakini alipotoka alisikia kitu ndani yake. Kijana yule tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa, Pitshou. Pitshou ni mtoto wa dada yake Godefroid, mwanaume mzima mwenye bibi wa ndoa na studio ya picha karibu na soko. Huyu ndiye aliyeanzisha maneno yote. Alisema mjomba wake anazeeka, kaseti zinaoza katika masanduku ya watu, na mji utamsahau. Yeye atazikusanya filme zote, atazihamisha kwenye DVD, atazitia katika sanduku moja zuri, halafu tutafanya sherehe katika salle, ukumbi wa kanisa. Godefroid alifurahi mpaka akaanza kutembea ndani ya nyumba kwa mwendo wa chifu. Nilimwambia aangalie asikanyage unga wangu.

Pitshou alizunguka Likasi yote, akaenda Kambove, akafika Kakanda kwenye migodi, kila mahali anaomba kaseti. Jumapili moja baada ya ibada akatuletea sanduku. Lilikuwa zuri kweli, sitasema uongo. Juu yake kulikuwa Godefroid analia, Godefroid anacheka, Godefroid na kofia ya polisi, na wote wameinua nyusi ya kushoto. Nyusi hiyo ndiyo iliyompa jina. Akiwa mwizi inapanda polepole, akiwa pasta inapanda pamoja na Biblia. Hata nyumbani, nikimkasirikia, ananiinulia nyusi hiyo, nami ninacheka na hasira inakwisha. Amenichezea hivyo tangu nilipokuwa msichana, na sikuona ubaya.

Tulikaa saloni, sebuleni kwetu, kutazama: minye, Godefroid, Pitshou, na jirani yetu Fidélie, ambaye akinusa kitu hawezi kubaki kwake. Tulitazama vipande tu, maana vyote vingekula siku nzima. Godefroid alikuwa anasema maneno ya kila sura kabla haijasema. Tukacheka sana kwa mama-mkwe. Fidélie alilia kwa mfungwa, ijapokuwa mfungwa mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yake anakula karanga.

Halafu Pitshou akaingiza DVD ya mwisho.

Kwenye televisheni Godefroid amekaa kwenye kiti cha chini, katikati ya wazee. Mbuzi amefungwa kwenye mti wa papai. Kuna pagne, vile vitenge vya kujifunga, zimekunjwa, kuna mfuko wa chumvi, kuna taa ya mafuta, kuna jembe jipya. Mzee mmoja anapokea jembe kwa mikono miwili. Wanawake wanapiga vigelegele, wanamtoa msichana aliyefunikwa pagne, wanamfunua. Yule mzee anamwuliza binti yake, mbele ya watu, kama inavyoulizwa kwetu siku ya mahari, kama vitu vilivyoletwa viliwe: "Bintu ni hibi. Tukule?" Msichana anatazama chini. "Mukule, papa."

Camera ikarudi kwa Godefroid. Nyusi yake ilikuwa chini. Zote mbili zilikuwa chini, zimetulia, na uso wake ulikuwa wazi tu, uso wa mtu aliyepewa kitu na hajui akiweke wapi. Kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kifungo cha koti. Na koti lile nilikuwa nalijua. Lilikuwa la buluu, kitambaa nilikichagua mwenyewe, fundi alilishona kwa siku ya kumtoa kanisani binti yetu wa kwanza, Sephora, akiwa mchanga. Kumbe siku ya picha ile minye nilikuwa bibi yake tayari, na mtoto nyumbani.

"Hii njo filme gani?" nikauliza.

"Filme tu," akasema Godefroid.

"Iko na jina?"

"Haikukwisha. Mwenye camera alipata ugonjwa, tukaacha vile."

"Na ule mwanamuke?"

"Mwimbaji wa korali ya kule Kakanda. Rosalie, kama sikosee."

"Kama haukosee," nikasema.

Pitshou alikuwa ameshika sanduku lake kwa mikono miwili. Nikamwuliza kaseti ile aliitoa wapi. Akasema alipewa na mama mmoja wa Kakanda, iliyofungwa ndani ya pagne pamoja na picha za marehemu baba yake. Fidélie akasimama, akasema anaenda kuona kama nguo zake zimekauka. Hakuwa ameanika kitu siku hiyo, nilikuwa nimeona kamba yake tupu asubuhi.

Tulipobaki wawili, Godefroid akaapa. Aliweka mkono kifuani, sauti ikashuka, akasema mbele ya Mungu ile ilikuwa filme. Nikamwambia: hiyo ulifanya katika ile ya komisari. Akaanza kutoa machozi. Nikamwambia: hiyo ni ya mwizi, pale anapokamatwa. Akanyamaza, akatazama ukuta muda mrefu. Nikamwambia: na hiyo ni ya chifu.

"Sasa nifanye nini, Colette?"

Mwanamke mwingine bwana yake akidanganya, anamtazama usoni na anaona. Minye nikitazama uso ule ninaona sanduku zima la Pitshou. Nilijaribu kukumbuka siku moja alipokuwa yeye tu, bila mtu wa kumtazama, na kila siku niliyokumbuka minye nilikuwepo, ninamtazama. Nilikuwa ninawacheka watu wa Buluo na mikate yao, na sasa minye mwenyewe nilikuwa nimekaa saloni siwezi kusema kama bwana wangu ana bibi mwingine ao hana.

Fidélie alifanya kazi yake. Wamama wa kanisa wakaja, mmoja akisema tufunge na kuomba, mwingine akisema mwanaume ni mwanaume, wa tatu akiuliza kama atapata nafasi ya kutazama hiyo DVD. Hawakukubaliana hata kidogo. Mmoja aliona uso wa Godefroid na kusema hiyo ni mapendo, hakuna filme. Mwingine aliona uso ule ule na kusema hapana, mama, huyu bwana yako ni fundi kupita tulivyodhani. Niliwapikia chai, wakanywa, wakaniacha nimechanganyikiwa zaidi.

Nikamwambia Pitshou anipeleke Kakanda. Nilitaka kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu, na nilikuwa nimevaa viatu vya kugombania.

Rosalie alikuwa anauza maharagwe yaliyopikwa, kando ya njia wanayopita wachimbaji. Mwanamke wa umri wangu hivi, mwembamba, mwenye sauti ndogo; ndiye aliyempa Pitshou ile kaseti. Aliponiona tu na Pitshou, aliacha mwiko, akapiga magoti kidogo na kupiga makofi polepole, namna ya heshima.

"Karibu, yaya."

Yaya. Mtu wa njiani anaweza kukuita mama. Yaya ni dada mkubwa, na bibi mdogo anamwita hivyo bibi mkubwa.

"Minye ni yaya yako wa wapi?" nikamwuliza.

"Sijuwe," akasema. "Njo nilikuwa nataka kukuuliza weye."

Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye bidon, dumu tupu. Alinieleza polepole, bila kuficha kitu, kama mtu aliyengoja kuulizwa. Ilikuwa filme, ndiyo. Walikuja kundi lote kutoka Likasi, walitaka msichana wa korali anayejua kusimama mbele ya watu. Lakini walitaka pia wazee wanaojua maneno ya mahari, maana wachezaji wenyewe walikuwa wanayakosea. Wakamwomba baba yake. Baba yake akasema yeye hajui kupokea jembe la uongo. Akilipokea, limepokewa. Wakamwambia sawa, papa, fanya tu kama unavyofanya.

"Papa akafanya vile anafanyaka," akasema Rosalie. "Akaniuliza, nikajibu. Kisha mwenye camera akasema imekwisha, bazee bakaikala kula. Mbuzi haikuwa ya filme, yaya. Ilikuliwa."

Nikamwuliza: na kisha?

Baadaye, akaendelea, alikuja mwanaume mmoja kumposa, Blaise, fundi wa kujenga, mtu mwema. Baba yake akaketi na ndugu zake, wakasema hawawezi kula mara mbili kwa kichwa cha mtoto mmoja. Mwenye jembe aje kwanza achukue jembe lake, mbele ya watu, kama alivyolileta. Wakatuma mtu Likasi. Godefroid akajibu kwamba papa asisumbuke, ile ilikuwa filme tu. Baba yake akatuma tena: filme iko Likasi, lakini jembe liko hapa. Godefroid hakujibu tena. Blaise alingoja, akachoka, akaenda Kolwezi, akaoa huko. Mzee akafa. Jembe likabaki chini ya kitanda.

"Sasa minye ni bibi ya nani?" akaniuliza. "Bantu ba hapa banasema niko bibi ya muntu wa televisheni. Bengine banacheka. Minye sichekake."

"Na siku ile? Weye ulikuwa unataka nini?"

Alitazama sufuria yake ya maharagwe. "Siku ile nilisema maneno yenye baliniambia niseme. Lakini nilipoyasema nilisikia kintu. Sijuwe kama nilikuwa nacheza. Mpaka leo sijuwe."

Nilimkumbuka yule kijana wa Koni aliyetoka majini, na jinsi tulivyomcheka. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha wanawake wawili, na pale kando ya njia sikuona mahali pa kuiweka. Huyu hakuniibia kitu. Aliambiwa akae kwenye kiti, angoje kidogo, halafu watu wote wakaenda kwao na hakuna aliyemwambia asimame. Nilikula maharagwe yake. Yalikuwa matamu, na hilo pia liliniudhi.

Niliporudi nilimwambia Godefroid kwamba Jumamosi tunaenda Kakanda, ataenda kuchukua jembe lake.

"Bantu batasema nini, Colette?"

"Bantu balisha sema. Sasa ni zamu yako."

Alivaa vizuri, kwa sababu hajui kwenda mbele ya watu bila kuvaa vizuri. Pitshou aliendesha. Njiani Godefroid alikuwa anatingisha midomo, na nilijua anajifunza maneno atakayosema. Hakuna mtu aliyempa maneno, alikuwa anayatunga mwenyewe.

Papa Théophile, mdogo wa marehemu baba yake Rosalie, ndiye aliyetupokea katika parcelle, kiwanja chao, pamoja na wazee wengine na wanawake wa familia. Mti wa papai niliouona kwenye DVD haukuwepo tena. Walileta jembe limefungwa ndani ya pagne. Chuma kilikuwa kimeshika kutu, lakini mpini ulikuwa bado mweupe, haujashikwa na mkono wa mtu shambani hata siku moja. Rosalie aliketi upande wa shangazi zake, kichwa kimefunikwa, kama kwenye ile picha.

Papa Théophile akamwambia Godefroid asimame aseme neno lake.

Hapo Pitshou akatoa telefone, akaiinua. "Tantine," akaninong'oneza, "njo kipande chenye kilibakia. Nitaitia mwisho wa sanduku."

Godefroid aliiona. Muda ule ule mgongo wake ulinyooka, kifua kikajaa, nyusi ya kushoto ikapanda, na ile sauti ya chifu ikatoka: "Wazee wangu, mama zangu, wana wa Kakanda." Ilikuwa nzuri sana. Wanawake wakaanza kutikisa vichwa, shangazi mmoja alikuwa tayari ameshika kitambaa cha machozi. Na minye nikaona kinachotokea: tutarudi Likasi na filme nyingine, na huyu mwanamke atabaki tena hajui.

"Pitshou," nikasema, "weka hiyo telefone mu mufuko. Leo hakuna filme."

Nilisema kwa nguvu, wote wakageuka. Pitshou akaiweka mfukoni.

Godefroid alibaki amesimama, mdomo wazi. Neno lililofuata halikuja. Alinitazama minye, akamtazama papa Théophile, akatazama mikono yake, na yale yote aliyojifunza njiani hayakumsaidia kitu. Wazee walimngoja. Hakuna aliyemsukuma, wazee wa namna hiyo wanajua kungoja.

"Nilichelewa," akasema mwishoni. Sauti ilikuwa ndogo, sikuijua. "Walinitumia maneno, na minye nikachelewa."

Papa Théophile akakubali kwa kichwa, akamgeukia Rosalie. Alimwuliza kwa namna ile ile aliyoulizwa na baba yake.

"Bintu ni hibi. Tumurudishie?"

Rosalie hakujibu. Mtoto wa jirani akapita na tairi lake, akaondoka, na bado hakujibu. Minye, ambaye nilikuwa nimekuja kuchukua bwana wangu mzima bila kubakiza kipande, nilijikuta ninaomba kimya aseme anachotaka yeye, hata kama si kile ninachotaka minye. Sijui ni nani aliyenitia maombi hayo moyoni.

"Mumurudishie," akasema.

Godefroid akapiga magoti kupokea. Na pale, jembe likiwa mikononi mwake, nikaona kidole gumba chake kinasugua mpini, polepole, kwenda na kurudi. Nyusi zote mbili zilikuwa chini. Uso ulikuwa wazi tu, uso wa mtu aliyepewa kitu na hajui akiweke wapi.

Ulikuwa uso ule. Hapakuwa na camera, hapakuwa na mtu wa kumwambia imekwisha, na ulikuwa uso ule ule wa koti la buluu. Kwa hiyo siku ile hakuwa anacheza. Sijui alikuwa anafanya nini, labda yeye pia hakujua, lakini hakuwa anacheza. Rosalie naye aliuona. Nilimwona anauona, halafu akavuta pagne yake mbele kidogo.

"Unisamehe," Godefroid akamwambia.

"Ulisha kuja," akasema Rosalie. "Njo vile tu."

Walitupa bukari na kuku, kwa sababu mtu aliyekuja kumaliza neno vizuri hatoki na njaa. Rosalie alininawisha mikono. Ile DVD ya mwisho nilikuwa nimeitoa kwenye sanduku la Pitshou na kuitia katika mfuko wangu. Nilimwachia Rosalie, na hatukusema neno juu yake. Aliniita yaya tena tulipoagana, na safari hii niliitika.

Katika gari nilikaa nyuma na Godefroid. Jembe lilikuwa juu ya magoti yake. Malori ya migodi yalikuwa yanatupita na vumbi lake jekundu, tukafunga vioo, na joto likawa kali. Nilikuwa ninatazama nje. Nilikuwa nimetafuta uso wa bwana wangu katika sanduku zima, nikaupata Kakanda, na haukuwa umegeukia upande wangu. Nililia kidogo. Niliumia, sitaficha.

"Colette," akasema. "Uko na hasira?"

Nikageuka. Alikuwa ameniinulia nyusi ya kushoto.

Sikucheka. Nilimtazama mtu huyu ambaye ameniinulia nyusi hiyo asubuhi na jioni, mtoto akiwa mgonjwa, unga ukiwa umekwisha, hata siku nilipomzika mama yangu, ili tu nicheke. Hajawahi kuchoka. Mtu akikuchezea hivyo maisha yake yote, hayo ni mapendo ao ni kazi? Nilitaka kumwuliza Pitshou, nilitaka kumwuliza hata Fidélie. Hakuna anayejua.

"Shusha hiyo nyusi," nikamwambia. "Niangalie vile uko."

Akaishusha. Ikapanda tena. Akaishusha kwa kidole, akanitazama, na ikaanza kupanda yenyewe, naye akashtuka na kuikunja. Njia yote mpaka Likasi alikuwa anajaribu.